Miji Mitano ya Mama Dioselina

Kwetu Peguche mtu akisema anakwenda Amsterdam hakuna anayeshtuka. Utamuuliza tu atarudi lini, na kama ana nafasi ya kifurushi kidogo cha shemeji yako. Tumetembeza mablanketi na mikanda yetu duniani tangu enzi za mababu, kwa miguu, kwa nyumbu, kwa meli na sasa kwa ndege, na zipo nyumba hapa kijijini ambamo kila mtoto amezaliwa nchi yake. Lakini Mama Dioselina Yamberla alipotangaza, mwaka ule wa 2002, kwamba na yeye anakwenda Ulaya, tena peke yake, watu waliacha kutafuna.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, hajui kusoma hata jina lake. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Quito, mji wetu mkuu, mara tatu, na mara zote tatu alitapika ndani ya basi. Alichokijua ni kufuma ile mikanda myembamba ambayo wanawake wetu hujifunga kiunoni, na katika hilo hakuwa na mpinzani. Mdomo wake pia haukuwa na mpinzani, ila hayo tuyaache.

Aliwaambia watu anakwenda kuuza. Tukamwitikia, ndiyo mama, kauze. Wote tulijua anakwenda kufanya nini, na yeye alijua tunajua, na hakuna aliyelisema.

Habari yenyewe ni hii. Miaka mitano kabla ya hapo binti yake wa pekee, Targelia, alipendana na Olmedo Chalá, kijana mwoka mikate kutoka Carpuela, chini huko kwenye bonde la Chota. Kutoka kwetu hadi huko ni saa moja na nusu kwa basi. Unateremka, baridi inakwisha, koti unalivua, na watu unaowakuta ni weusi, wajukuu wa watumwa walioletwa kulima miwa ya mapadri. Mama yake Olmedo, Eudocia, alikuwa mwanamke wa adabu zake. Aliulizia kwetu posa hupelekwa vipi, akaelezwa, akafanya vilevile.

Kwetu mwenye ombi zito haji mikono mitupu. Anapika kikapu: viazi, mahindi ya kuchemsha, mayai, kuku, na ukiwa na uwezo simbilisi wa kuchoma. Anakifunika kitambaa cheupe, anakibeba mgongoni, anakuja mlangoni kwako alfajiri. Tunakiita medianu. Ukikipokea na kula, umekubali ombi. Usipokubali, unamkaribisha ndani mtu wako, unazungumza naye vizuri, na kikapu kinarudi na mwenyewe. Kukataa si kosa. Kosa ni kumwacha mtu nje.

Eudocia na mwanawe walifika na basi la kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama Dioselina alikuwa kwenye kitanda chake cha kufumia, mlango uko wazi, wanamwona, anawaona. Hakuinua kichwa. Aliendelea kufuma saa moja, saa mbili, saa tano, na wale wawili wamesimama uani na kikapu chao. Tuseme ukweli, maana sote tulipita pale barabarani siku ile tukajifanya hatuoni: ni kwa sababu walikuwa weusi. Hakuwatukana. Angewatukana ingekuwa nafuu. Ilipofika saa sita Eudocia alijitwisha kikapu, akasema asante, akaondoka. Wiki haikuisha, Targelia naye akaondoka, na habari zake tukazisikia kutoka Madrid.

Miaka mitano hakuna barua wala simu. Halafu Antuco Lema, mpiga filimbi wetu anayeshinda kwenye viwanja vya Madrid, akarudi kijijini kwa sikukuu ya Juni. Akamwambia Mama Dioselina kwamba amemwona Targelia, na kwamba siku za Jumapili bado anavaa sketi yetu ya kujifunga na shanga zake. Alisema hivyo tu. Mama Dioselina akauza ng'ombe, akakata pasipoti.

Tiketi ya bei nafuu ilikuwa ya Amsterdam. Kutoka huko hadi Madrid ni siku moja na kidogo kwa basi. Yeye alichukua miezi minne. Alisema ni biashara, na mikanda kweli aliiuza, lakini mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba ni woga. Alikuwa na ombi moja tu, binti yake ampokee kikapu. Kila mji ulimpa sababu ya kukawia.

Na miji ilikuwa ya kumkawiza mtu kweli. Amsterdam vijana wetu walimweleza kwamba bahari iko juu kuliko ardhi aliyosimama, kwamba imezuiwa kwa kuta, na wenyeji wamelala chini yake wanakoroma. Siku tatu za kwanza hakuvua viatu. Siku ya nne aliwatazama wale wanawake warefu wakipita kwa baiskeli, mtoto mbele, mtoto nyuma, mfereji pembeni umejaa hadi ukingoni, akaona aibu, akavivua. Watu wanaoweza kuiambia bahari ikae hapo ikakaa, alisema, hao si wa kuwadharau.

Namna yake ya kutopotea ndiyo iliyowachekesha wenzetu mwanzoni, halafu wakaacha kucheka. Hakujua kusoma vibao, basi alifuma njia. Akifika mji, anamtafuta mtu wetu uwanjani, na hakuna mji asipokuwapo mmoja. Anamwambia amweleze njia ya kwenda mahali fulani, taratibu, na huku mtu anaeleza yeye anafuma. Nukta moja ni kituo kimoja cha treni. Ndege mwekundu ni mkono wa kulia, ndege mweupe ni mkono wa kushoto. Ngazi ni milia, daraja ni pembe. Mkanda ukiisha anajifunga kiunoni, anatoka nao mjini, na kila baada ya muda anaupapasa kwa kidole gumba kama anayehesabu rozari. Alivuka chini ya mito. Alipanda ngazi zinazotembea zenyewe. Hakupotea Amsterdam, hakupotea Brussels wala Paris.

Brussels alikwenda siku mbili akakaa wiki tatu. Mvua ilimfukuza akaingia kwenye jumba la makumbusho, na ukutani akakuta zulia la kufumwa lenye ukubwa wa ukuta wa kanisa letu: farasi, mbwa, mabibi wa nguo ndefu, msitu mzima jani kwa jani, na umri wake miaka mia tano. Mama Dioselina alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Mlinzi akamrudisha nyuma. Akasogea tena. Alikuwa anahesabu nyuzi. Alipofika kwenye jicho la farasi aliona kwamba mfumaji ametumia rangi nne za kahawia pale ambapo yeye angetumia moja, akakaa chini sakafuni. Alilia. Si kwa huzuni, alisema. Ni kule kujua kwamba miaka mia tano iliyopita, upande wa pili wa dunia, mtu aliyekuwa anaumwa mgongo palepale anapoumwa yeye alikataa kufanya haraka. Alirudi kila siku. Mwishoni mlinzi alikuwa anamwekea kiti.

Paris alifanya ushamba wetu wote. Kwetu ukikutana na mtu njiani unamsalimu, na ukimpita kimya umemtangazia ugomvi. Basi alishuka kwenye basi asubuhi akaanza kusalimu. Alisalimu daraja zima. Hadi saa nne taya zilikuwa zinamuuma na walioitikia ni watatu, mmoja wao mlevi. Aliketi kwenye ngazi za kanisa akawatazama wanavyopita, maelfu, hakuna sura iliyojirudia, kila mmoja ana kwao, ana mama yake, ana jambo linalomkera, na akaona kichwa chake hakitoshi kuwaweka wote. Alistaajabu mpaka akasahau kutandaza mikanda. Siku ile hakuuza hata mmoja.

Barcelona ndiko alikoiona bahari. Milimani kwetu tunalo ziwa, na mtu huridhika nalo. Alisimama mchangani na viatu mkononi, akangoja aone ng'ambo. Alingoja muda mrefu. Kijana wetu mmoja anayeuza bangili pale akamwambia, "Mama, ukisubiri kuona ng'ambo utazeekea hapa." Akamjibu kwamba tayari amezeeka na hana haraka. Haraka kweli hakuwa nayo, maana kituo kilichofuata kilikuwa Madrid.

Madrid Antuco alimpokea, akampa mahali pa kulala na jiko la kupikia. Akampa na ratiba ya Targelia. Jumapili asubuhi yuko nyumbani peke yake. Saa sita anakwenda kumwangalia bibi kizee mmoja wa Kihispania, anarudi saa kumi. Mume anaoka mikate, anatoka kazini saa saba mchana. Kwa hiyo kikapu kifike saa nne asubuhi, Targelia peke yake, mume hayupo. Mama Dioselina alilishika hilo la mwisho kwa mikono miwili. Alikuwa na maneno ya kumwambia binti yake, ameyapanga tangu juu ya mawingu. Ya kumwambia Olmedo hakuwa nayo hata moja.

Jumamosi alifuma njia ya Vallecas, mtaa wa Targelia: ndege wawili wekundu, nukta tisa, ndege mweupe, ngazi. Jumapili aliamka mapema akapika. Viazi na mchuzi wa karanga, mahindi, kuku, nyama ya kuchoma, mayai kumi na mawili. Chakula lazima kifike cha moto, ndiyo heshima yake, basi alivaa kwa haraka, akajifunga mkanda, akajitwisha kikapu, akashuka chini ya ardhi akipapasa.

Mikanda yetu ina pande mbili. Kilicho chekundu upande wa mbele ni cheupe upande wa nyuma. Mtoto wa miaka sita kwetu anajua. Na Mama Dioselina, miaka arobaini na tano kwenye kufuma, alikuwa amejifunga mkanda wake ndani nje.

Palipokuwa na ndege mwekundu alimwona mweupe, akashika kushoto. Treni ikaja, akahesabu nukta tisa, akashuka, akapanda ngazi, akatokea juani. Antuco alimwambia atakuta kanisa la matofali na duka la viatu. Hakuna kanisa, hakuna viatu. Aliuliza Vallecas, mtu akacheka akaonyesha chini, alikotoka, halafu akaendelea kuonyesha mbali zaidi. Ndipo alipouinamia mkanda akaona jicho la ndege: jekundu, na yeye siku zote hulifuma jeupe. Alisimama pale na kikapu chake mgongoni akajicheka, kisha kicheko kikakata, kwa kuwa alisikia saa ya mnara ikilia sita mchana.

Angeweza kurudi kwa Antuco akajaribu Jumapili nyingine. Aliliwaza hilo, na alisema lilikuwa tamu. Lakini chakula cha ombi hakipikwi mara mbili. Aliugeuza mkanda, akashuka tena chini.

Ghorofa ya nne, mlango wa kijani. Aliyefungua ni Olmedo. Bado alikuwa na unga kwenye nyusi. Alikitazama kikapu kwanza, kitambaa cheupe, namna kamba ilivyopita kifuani. Mama mwenyewe alimtazama baadaye.

"Targelia hayupo," alisema. "Anarudi saa kumi."

"Nitangoja."

"Utangojea wapi?"

Mama Dioselina akatazama ngazi. "Hapa hapa panatosha."

Olmedo alishika kitasa. Alikuwa na haki ya kufunga mlango, na yule mama alikuwa amekwisha kukaa tayari kuusikia ukifungwa. "Hapa mtu haketi kwenye ngazi," alisema hatimaye. "Jirani ataita polisi. Ingia ndani, mama."

Aliingia. Kikapu kikawekwa sakafuni kati yao, hakuna aliyekigusa. Olmedo alizijua taratibu zetu, alifundishwa na mama yake na akazishika. Aliuliza habari za mvua, akajibiwa. Aliuliza mahindi yamefika wapi, akajibiwa kwamba aliyaacha yamevunwa. Kisha akauliza kama mama ana neno.

"Nina maneno ya Targelia," alisema Mama Dioselina. "Yako sikuyaandaa."

"Basi niambie yasiyoandaliwa."

"Siku ile mliponijia niliwaona," alisema. "Nilimwona mama yako amelowa, amekibeba kikapu juu juu kisiingie maji. Sikuwa na shughuli. Ule mkanda niliokuwa nafuma ulikuwa umekwisha, nilikuwa napitisha mkono hewani. Hakuna kilichonizuia kusimama isipokuwa roho yangu mbaya. Naomba unisamehe. Wewe na yeye."

Olmedo aliinama, akafungua fundo la kitambaa. Akatoa yai, akaligonga kwenye goti, akaanza kulimenya, gamba moja baada ya jingine, akilikusanya kiganjani. Akalila. Mama Dioselina alimtazama anavyotafuna. Alikuwa amelala chini ya bahari iliyoshikwa na kuta, na ameuona msitu uliofumwa jani kwa jani, lakini anasema hapo ndipo mwili ulipomsisimka toka utosini hadi kwenye nyayo, na akaogopa kupumua asije akaharibu.

"Na huyu simbilisi," aliuliza Olmedo, akiinua paja moja, "alikula nini mpaka akanenepa hivi?"

"Ni sungura." Alisema kwa aibu. "Simbilisi niliwakuta dukani. Wamewekewa kitanda, na mpira wa kuchezea. Nikaona hawa si wa kuchoma."

Olmedo alicheka mpaka akajifuta macho, na huenda hakuwa anajifuta kicheko peke yake. Kisha akachukua sahani, akagawa chakula chote nusu kwa nusu, viazi, kuku, mahindi. Nusu moja akairudisha kikapuni, akaifunika.

"Hii si yangu," alisema. "Ombi umelileta kwa wawili. Langu nimekujibu, la mama siwezi kulijibu mimi."

"Yuko hapa Madrid? Nitampelekea."

"Mama amefariki. Mwaka juzi, mwezi wa pili. Yuko Carpuela." Alimtazama. "Hukusikia?"

Hakusikia. Saa moja na nusu kwa basi, na hakusikia, kwa sababu hakuna wa kwetu aliyekuwa anashuka huko na yeye hakuwahi kuuliza. Mwanamke yule alizikwa, kengele za kanisa zikilia, na yeye siku hiyo labda alikuwa amekaa anafuma. Wawili hao walikaa, kikapu kati yao, mpaka ufunguo ulipoingia mlangoni.

Targelia alikuwa amevaa sketi yetu na shanga zake, kama Antuco alivyosema. Alisimama. Aliona kitambaa, aliona magamba ya yai kwenye sahani ya mumewe. Hakumkimbilia mama yake, na mama yake hakuthubutu kuinuka. Olmedo alimweleza kwa maneno machache: amekuja, ameomba, mimi nimekula.

"Umepita wapi kuja hapa?" Targelia aliuliza.

Mama Dioselina akaitaja, mmoja mmoja, na sauti ikizidi kushuka. Amsterdam. Brussels. Paris. Barcelona. Hapa.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kusoma hujui, miji yote hiyo umeipita peke yako." Targelia alisema kwa mshangao wa kweli, hata uso ulimlegea kidogo. Halafu ukakaza tena. "Na Carpuela, mama? Umewahi kufika?"

"Sijawahi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mwanangu."

Targelia alivua shali yake akaitundika. Alifanya hivyo polepole, kisha akaja akaketi, akakivuta kile kikapu karibu yake bila kukifunua. Alisema hawezi kula kabla ya Mama Eudocia. Yule ndiye aliyenyeshewa. Mama aende na kikapu kaburini kwake, kama tunavyowapelekea wafu wetu chakula; akitoka huko apige simu, na yeye atapokea.

Mama Dioselina hakubisha. Aliitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa ncha ya shali, akamgeukia Olmedo na kumuuliza, kwa unyenyekevu ambao sisi tunaomjua tungelipia kuuona, kwamba kutoka Ibarra, mji wa kubadilishia basi, mtu apande lipi. Olmedo akamweleza. Apande la kushuka bondeni, akae upande wa kushoto, apite mashamba ya miwa, na akiona mto amwambie dereva asimame kabla ya daraja, halafu apande kwa miguu katikati ya mbaazi.

"Si kabla ya daraja," alisema Targelia. Alikuwa anakitazama kikapu, hakuinua macho. "Baada ya daraja, mama. Kabla ya daraja hakuna kivuli, na jua la kule litakuumiza."